Sura ya Sita: Maoni ya Costancia Kuhusu Sinema ya Krismasi

Jumapili, tarehe 26 Desemba 1971. Alfajiri mvua ilinyesha kwenye milima ya Vidunda, lakini Mikumi haikupata hata tone. Mawingu yalikaa huko juu kama wageni wanaosita kushuka, na huku chini jua likachomoza kwa ukali, likaanza kukausha matope ya juzi kwenye njia ya kanisani.

Costancia alitoka misani akiwa hana amani. Ilikuwa sikukuu ya Familia Takatifu, na padri alihubiri juu ya Yusufu, mtu aliyepewa neno asilolielewa akalitunza, hakulipunguza wala hakuliongeza. Mahubiri yale yalimchoma kama miiba, kwa sababu asubuhi ile ile, kabla ya kengele ya kwanza, alikuwa amemdanganya mjomba wake. Tena hakumdanganya kama watu wanavyodanganyana siku zote. Alimdanganya kwa kusoma.

Habari yenyewe ilianza jana, siku ya Krismasi. Gari la sinema lilifika kutoka Kilosa saa kumi, likasimama kwenye uwanja wa shule, na giza lilipoingia kitambaa cheupe kikawambwa kati ya nguzo mbili. Watu wa Mikumi walilijua gari lile. Kila lilipokuja lilileta somo: namna ya kuchimba choo, namna ya kutia mbolea, namna mbu anavyotaga mayai kwenye kopo lililotupwa. Mwisho wa kila picha mwenye gari aliuliza kwa kipaza sauti, "Ndugu wananchi, tumejifunza nini?" Safari hii, kwa kuwa ni sikukuu, alileta picha ya mapenzi ya Wazungu, ya kuchekesha. Lakini hakuna aliyewaambia watu kwamba hii si somo, nao wakakaa wakaitazama kwa makini kama walivyoitazama ile ya choo.

Ilikuwa hadithi ya binti mshona kofia. Baba yake alikuwa amemwahidi kwa tajiri mmoja mwenye masharubu. Wakati huo huo tarishi wa posta akampotezea kifurushi, na wawili hao wakagombana juu ya kifurushi hicho tangu mwanzo wa picha, hadi ugomvi ukageuka kitu kingine. Usiku wa Krismasi, watu wako mezani, baba akasimama kutangaza uchumba. Mwenye masharubu akatoa pete. Binti akamtazama baba, akaitazama pete, kisha akatoka mbio kwenye theluji mpaka stesheni, ambako tarishi alikuwa anaondoka. Akafika treni inapiga filimbi. Akainua mkono.

Hapo hapo mkanda ukakatika.

Mwenye gari alihangaika nao, akasema kipande cha mwisho hakifai tena, akafunga vyombo vyake akarudi Kilosa. Watu wakabaki uwanjani wakibishana. Alipanda au hakupanda? Ndipo Mwalimu Bibiana, aliyefundisha darasa la jioni la watu wazima, alipopanda juu ya benchi akatangaza kwamba kila mwanafunzi wake akaandike maoni yake. Kesho baada ya ibada yatasomwa mbele ya watu, kisha yatabandikwa kwenye gazeti la ukutani.

Costancia aliandika ya kwake alfajiri, dirishani, kwa penseli. Alikuwa bado anapuliza vumbi la penseli pale Mjomba Makarius alipoingia, amevaa koti lake la misani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndiyo karatasi ya maoni? Hebu nisomee."

Mzee Makarius hakujua kusoma. Maisha yake yote alisomewa barua na makarani, na kila mara alihisi kwamba wanaruka maneno. Kwa ajili hiyo Costancia alipofiwa na mumewe Gabrieli akarudi nyumbani, mzee ndiye aliyemsukuma aende darasa la jioni, ingawa alikuwa amekwisha timiza miaka thelathini. Alitaka katika ukoo awepo mtu mmoja wa kumsomea asiyeruka neno. Kwao milimani neno la ndoa ni la mjomba, ndugu wa mama, na Mzee Makarius alikuwa ameshalitoa: baada ya Krismasi, Costancia ataolewa na Kasian wa Malolo, mdogo wa marehemu, ili nyumba ya Gabrieli isipotee. Padri alikuwa ameombwa atafute ruhusa ya askofu, kwa kuwa wawili hao ni mashemeji.

Costancia aliitazama karatasi. Akamtazama mjomba. Midomo yake ikasoma kitu kisichokuwepo.

"Binti yule alikosea," akasoma. "Angebaki mezani, akatii."

Mzee alifurahi mpaka macho yakamlowa. Akambariki, akatoka kwenda kuwaambia wenzake kwamba mpwa wake ameandika hekima.

Ndiyo maana Costancia hakuweza kupokea komunyo siku ile. Alibaki amepiga magoti wenzake walipokwenda mbele, akasema moyoni: Bwana, ulinipa macho ya kusoma nikiwa mtu mzima, na kazi ya kwanza niliyoyapa ni uongo. Nitengeneze, nami sitakwepa.

Saa nne watu walijaa darasani. Waliokosa nafasi walisimama madirishani. Wanafunzi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda karibu na videvu. Costancia alikaa pale pale alipokaa kila jioni kwa mwaka mzima, na kando yake, kama kila jioni, alikuwa Tomasi.

Vitabu vya darasa lile havikutosha, kwa hiyo mwalimu aliwagawia kimoja watu wawili. Costancia na Tomasi waliangukia kitabu kimoja. Yeye alifunua kurasa, Tomasi alifuatisha mstari kwa kidole, kidole kinene chenye kovu la nyundo, maana alikuwa akitengeneza njia ya reli. Alikuwa mtu wa milima ya upande wa pili, Mwanglikana, mzito wa maneno. Kwa miezi mingi hawakuzungumza lolote ila herufi. Kisha jioni moja, walipofika mwisho wa ukurasa, Costancia hakufunua. Tomasi naye hakuondoa kidole. Walikaa hivyo hadi mwalimu akasema muda umekwisha, na tangu siku hiyo kila mmoja alijua la mwenzake.

Sasa Tomasi alikuwa amehamishiwa Kilosa. Angeondoka na treni ya kesho.

"Umeandika?" akamwuliza kwa sauti ya chini, bila kumtazama.

"Nimeandika."

"Kweli?"

Costancia alikunja karatasi mara mbili. "Niliyoandika ni kweli," akasema. "Niliyosoma ndiyo tabu."

Tomasi hakuelewa, na hapakuwa na nafasi ya kumweleza, kwa sababu Mwalimu Bibiana alikuwa amegonga meza kwa rula.

Alianza Bi Mwanvua, jirani yao mwuza vitumbua, ambaye hakukosa hata jioni moja ya darasa isipokuwa mwezi wa Ramadhani. Alisoma kwa kuvuta kila neno, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Kwa maoni yake, mwanaume anayeweza kugombana na mwanamke juu ya kifurushi kimoja kuanzia Magharibi mpaka Isha bila kuchoka, huyo hapotezi muda, anapenda. Lakini binti naye alikosa adabu kutoka nyumbani bila khanga kwenye baridi ile. Watu wakacheka, naye akakaa ameridhika.

Kondo alifuata. Huyu alikuwa mtani wa ukoo wa akina Makarius, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kusema lolote mbele yao bila kukasirikiwa, na ruhusa hiyo hakuiacha ikaoza. Yeye alisema hajali habari ya mapenzi. Kilichomshangaza ni pamba. Mji mzima umejaa pamba, juu ya mapaa, juu ya miti, barabarani, na hakuna hata mtu mmoja mwenye gunia. Mwalimu akamweleza kwamba ile ni theluji. Kondo akasema mwalimu asimdanganye, yeye amelima pamba Kilosa miaka tisa, anaijua hata ikiwa imevaliwa.

"Wavivu wale," akamalizia. "Ni kama hawa watani zangu. Mavuno yapo nje, wenyewe wako mezani wanatangaziana uchumba."

Mzee Makarius alicheka na wengine, kisha akaomba naye aseme, ingawa hakuwa mwanafunzi. Alisema usiku kucha ameifikiria picha ile, maana hajawahi kuona gari lile likileta jambo la bure. Anaamini mkanda haukukatika. Ulikatwa kwa makusudi, kama mwalimu anavyoacha swali ubaoni. Somo ni hili: mtoto asiyetii wakubwa zake, hadithi yake haina mwisho. Anabaki stesheni ameinua mkono, hayumo nyumbani wala hayumo safarini.

Wazee wa madirishani waliguna kukubali.

"Na mimi niulize," ikasema sauti kutoka mlangoni.

Alikuwa Kasian. Alikuwa amekuja toka Malolo siku mbili kabla, na kikapu cha vitunguu cha kuwapa wenyeji wake. Mtu mpole, mjane naye, kofia mkononi. "Mmesema habari ya binti na ya tarishi. Yule mwenye pete je? Amesimama mbele ya watu, pete mkononi, na mkanda umekatika. Mpaka sasa bado amesimama. Nani alimwuliza anajisikiaje?"

Watu walianza kucheka, kisha wakaacha. Costancia aliinamisha kichwa. Hakuwahi kulifikiria lile, nalo likampata mahali penyewe.

Ikafika zamu ya Tomasi. Alisimama na dawati likasimama naye, magoti yake yamelibana, na Kondo akamwambia aliache, ni mali ya shule. Tomasi aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Alikuwa na mistari mitatu tu.

"Mimi natengeneza njia ya reli," akasoma polepole. "Treni haimngoji mtu. Lakini mtu anaweza kumngoja mtu."

Akakaa. Hakumtazama Costancia, lakini shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Bi Mwanvua alisema, si kwa sauti ndogo sana, kwamba kumbe mawe nayo husema.

Mzee Makarius alikuwa hajashughulika na mistari ile. Uso wake ulikuwa unang'aa, maana sasa ilikuwa zamu aliyoingojea. Alisimama mwenyewe kumkaribisha mpwa wake, akawaambia watu kwamba yeye hajui kusoma, lakini leo wasikilize damu yake inavyosoma. Akamwomba Kasian asogee mbele asikie vizuri, kwa kuwa yanamhusu.

"Soma, mwanangu. Vile vile ulivyonisomea asubuhi."

Costancia alisimama. Alikunjua karatasi. Alikuwa na nafasi ya mwisho. Angeweza kusoma tena lile neno la asubuhi, na hakuna ambaye angejua isipokuwa Mungu. Kasian angetabasamu. Mjomba angelia kwa furaha. Na kesho treni ingepiga filimbi.

"Siwezi kusoma vile vile, Mjomba," akasema. "Asubuhi nilikusomea yasiyoandikwa."

Nje mbuzi alilia, hakuna aliyegeuka.

"Unasema nini?"

"Nilikudanganya. Yaliyoandikwa ni haya."

Akasoma. Hakusoma kwa kuvuta. Alisoma kama mtu anayeteremka mlima anaoujua.

"Maoni yangu. Binti yule hakukosa kwa kumkataa mwenye pete. Alikosa kwa kunyamaza. Alijua tangu mwanzo, na bado alikula, alicheka, alipokea maua, mpaka pete ikatolewa mbele ya watu. Angesema mapema asingekimbia kwenye baridi, na yule mwanaume asingeaibika. Mimi namjua binti kama yeye. Anakaa Mikumi. Namwombea apate mdomo kabla ya kuhitaji miguu."

Kondo alikuwa ameegemea ukuta. Hakuwa anacheka. "Mtani," akasema, "huyo binti wa Mikumi ni nani?"

"Ni mimi."

Mzee Makarius aliketi taratibu kwenye benchi. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilimwumiza Costancia kuliko kelele. Alisema makarani walimrukia maneno miaka arobaini, na kila aliporudi nyumbani alijifariji kwamba siku moja atasomewa na mtu wake. Hakuwahi kufikiri kwamba siku hiyo ikifika atatamani karani.

Machozi yalimshuka Costancia, hakuyafuta. Alitoka kwenye dawati, akapiga magoti mbele ya mjomba wake juu ya sakafu ya vumbi.

"Kwa uongo wa asubuhi naomba msamaha, Mjomba. Nitauomba leo na kesho, hata mbele ya padri. Lakini kwa niliyoandika, siombi."

"Simama."

"Siombi, Mjomba. Shemeji Kasian ni mtu mwema, na mtu mwema hastahili mke anayeangalia mlango. Nimeomba rozari miezi minne ili moyo wangu ugeuke, haukugeuka. Sasa siombi tena ugeuke. Nampenda Tomasi."

Mguno ulipita darasani kama upepo kwenye mahindi. Mzee Makarius aligeuka kumtafuta mtu mwenye jina hilo, na Tomasi akasimama, safari hii bila dawati, akatoa kofia.

"Shikamoo, Mzee."

Desturi ni desturi. "Marahaba," akajibu mzee kwa meno yaliyofungwa. "Wewe wa reli. Mwanglikana. Huna shamba, kesho uko Kilosa. Na huyu atakufuata stesheni ameinua mkono, kama yule wa kitambaani?"

Kabla Tomasi hajajibu, Kasian alisogea mbele. Watu wakampisha. Alimtazama Costancia pale chini, akaigeuza kofia yake mikononi.

"Shemeji, umenikataa mbele ya watu," akasema. "Hilo nitalibeba mpaka Malolo. Lakini umenikataa kabla sijatoa pete. Yule wa jana hakupata hata hiyo." Akamgeukia mzee. "Baba, mimi najitoa. Usimlazimishe kwa ajili yangu." Akavaa kofia, lakini hakutoka. Akasimama karibu na mlango kama mtu anayetaka kuona mwisho.

Mzee Makarius alikuwa amebaki peke yake upande wake, na alijua. Mtu aliyebaki peke yake hushika kigogo cha mwisho. Akasema hata kama Kasian amejitoa, yeye hajasema ndiyo kwa yeyote. Kuna taratibu. Mtu haoi kwa mistari mitatu ya sinema.

"Nitaleta posa," akasema Tomasi. "Nitaandika barua. Kwa mkono wangu."

"Barua." Mzee alicheka kicheko kikavu. "Na nani atanisomea hiyo barua? Niambie. Huyu?"

Swali lile halikuwa na mlango. Bi Mwanvua alitazama khanga yake. Ndipo Costancia aliposimama, akakung'uta vumbi la magoti, akafungua kitabu chake cha sala akaweka mkono juu yake.

"Mwalimu Bibiana, naomba usikilize. Nawe mtani Kondo, na Bi Mwanvua, na Shemeji, na nyote mlioko madirishani. Ninyi ni mashahidi wangu." Akamtazama mjomba wake machoni. "Kesho treni itaondoka, nami sitakwenda stesheni. Sitakimbia, wala sitainua mkono. Nitakaa nyumbani kwako, nitakupikia na kukuamkia kila asubuhi. Wala sitaolewa na mtu mwingine ila huyu. Barua yake itakapofika, nitakusomea mimi, neno kwa neno, hata palipo na makosa yake. Ukisema hapana, nitaandika hapana kwa mkono wangu huu huu, sitaipunguza wala sitaiongeza, nami nitaipeleka posta mwenyewe. Yeye ataandika tena. Nami nitakusomea tena, Mjomba, mpaka siku utakayoniambia niandike ndiyo."